Kura ya Mama Yenu

Sogeeni, wanangu, Karam Dad na wewe Shahnawaz, na mwache kunifunikafunika blanketi, sijawa maiti bado. Shamba la kisimani ni la Karam Dad, la ng'ambo ya mfereji ni la Shahnawaz, na nyati wetu wa maziwa mgawane bila kutukanana, maana ugomvi wa nyumba hii umenichosha.

Mnajua mimi ndiye Chaudhri, mkuu wa kijiji, kama baba yangu. Siku ya kura nikitaja jina, ukoo mzima hulitaja hilo hilo mbele ya karani. Baridi hii nikachinja kondoo wawili, nikawapakia watu wa ukoo kwenye magari ya ng'ombe, wakala pilau yangu, wakapangusa ndevu, wakaingia wakamtaja mtu wa chama cha Ligi badala ya mtu wangu! Eti pir, yule shehe wao, ameagiza. Shukrani ya punda mateke! Wa kwanza alikuwa baba yenu mdogo, Fateh Dad, nami nikamkatia kiko na maji: asivute nasi, asinywe kwetu, na posa yako kwa binti yake, Shahnawaz, nikaivunja. Miezi miwili ndugu yangu anapita mlangoni bila salamu.

Sasa sikieni balaa. Mama yenu alipata haki ya kupiga kura kwa ile pensheni ya kaka yenu Mehrban, aliyefia vitani Burma. Njiani kwenda kupiga kura nikamfundisha jina la mtu wetu mara tatu, akaitikia, “Haya.” Leo asubuhi, akininywesha maziwa kwa kijiko, nikamlaani Fateh, naye akasema, “Basi nilaani na mimi, Chaudhri. Nilitaja jina lile lile alilotaja yeye. Kura za wenzangu ulizinunua kwa kondoo. Hii yangu niliinunua kwa mwanangu.”

Niambieni, nimkatie maji anayeninywesha? Nimekasirika mpaka kifua kinauma, lakini mkono usioweza kuukata, ubusu. Na nikimsamehe yeye, Fateh nimshikie kosa gani?

Shahnawaz, chukua kilemba changu, kiweke miguuni pa baba yako mdogo, mwambie kaka yake ameshindwa. Binti yake umwoe kabla ya mavuno ya ngano. Jeneza langu Fateh ashike mbele, asibishane na mtu. Na uchaguzi ujao msiniulize... msimwulize mtu yeyote nani wa kumchagua. Nimechoka kutaja majina.

Mungu awape umri, na wake wanaosema ukweli mapema kuliko wangu. Karam Dad, niinue kidogo... hivyo. Shahnawaz, bado umesimama? Kimbia, mwanangu. Namtaka ndugu yangu.