Babu Meno, Fundi Aliyejibiwa na Mtaro

Tuanze na hilo jina, maana tukilikwepa mtacheka chinichini. Ndiyo, mpendwa wetu aliitwa Babu Meno, na wala hakuwa nayo mengi. Ya mbele yaling'olewa na spana iliyoteleza, akawekewa ya bandia, yanacheza mdomoni kama mlango wa choo.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1948, kitinda mimba wa seremala. Alisoma hadi darasa la saba. Hesabu aliziweza, kukaa kitini ndiko kulikomshinda. Akajifunza ufundi wa magari, na mwaka 1971 akafungua gereji yake kando ya mtaro wa barabara. Mwaka 1974 alimwoa Bibi, muuza mboga aliyelima bondeni, karibu na kijito. Maji ya kunywa pia aliyachota hapohapo.

Miaka nenda rudi, oili chafu mzee aliimwaga mtaroni. Bibi akilalamika kwamba maji yananuka gereji, jibu lilikuwa moja: "Mama watoto, mtaro ni mtaro, kijito ni kijito. Wamejuana wapi?"

Mvua za Aprili 1999 zikaja. Ameinama mtaroni na debe lake la oili, mara chafya! Meno hayo, yakaenda na maji. Aliyatafuta kwa fimbo, kwa mikono, mpaka kwa matusi. Kesho yake Bibi akarudi kutoka kijitoni, akatua ndoo mbele yake. Ndani, meno yanamkenulia.

"Baba watoto, wanajuana."

Hata kama mzee angetaka kubisha, angebisha kwa meno gani? Chai haijapoa, mtaa mzima unajua. Jina likaganda.

Lakini hakuishia kwenye aibu. Oili chafu akaitafutia pipa lenye mfuniko. Iliyodondoka sakafuni akaifunika kwa maranda, badala ya kuifukuza kwa maji. Mbele ya gereji akachimba kishimo kipana, akakipanda majani, ili maji ya mvua yatulie na kuacha uchafu humo.

"Babu Meno, siku hizi unafua mvua?" mafundi wenzake walimtania.

Naye akayavua meno, akayaweka juu ya boneti. "Haya yalifika kule. Oili yenu ndiyo itapotea njia?"

Mmoja mmoja, wakanunua mapipa. Siku vyura waliporudi kijitoni, alilalamika kwamba wanampigia kelele, huku anacheka.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Hospitalini, mvua ikipiga dirisha, alimwuliza kifungua mimba wake, mwenye gereji sasa: "Pipa limefunikwa?"

"Limefunikwa, baba."

"Haya basi."

Alituaga asubuhi ya tarehe 2 Juni 2023. Wauguzi mliovumilia utani wake, asanteni sana.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja, na kijito unachoona changarawe zake chini. Meno amevishwa na Bibi mwenyewe: "Safari hii usiyaangushe."

Lala salama, fundi wetu, kazi umeimaliza. Na wewe mwenye kisa chake, hasa kile cha aibu, usiondoke nacho, tusimulie leo. Chai ipo. Masalio tu usiyamwage mtaroni: Bibi bado anachota kulekule.