Fundi Kimya na Ubao Usiozimika

Marehemu, ambaye stesheni nzima ilimjua kama Fundi Kimya, alizaliwa tarehe 9 Machi 1954, kitinda mimba wa mshona viatu na mkunga. Mama yake alisimulia kwamba hata kuzaliwa alizaliwa bila kelele, mpaka wakamfinya.

Alisoma shule ya msingi, kisha chuo cha ufundi, akahitimu umeme mwaka 1976 akiwa wa kwanza darasani. Cheti kipo ukutani sebuleni. Anayetaka kukiona anakaribishwa.

Mwaka huohuo aliajiriwa stesheni ya reli kutunza vipaza sauti. Siku moja umeme ulikatika, vipaza sauti vikanyamaza, na mwalimu mmoja kijana akabaki ameketi jukwaa la kwanza huku treni yake ikiondoka jukwaa la tatu. Alimwendea fundi akiburura sanduku.

“Wewe ndiye mwenye hivi vipaza sauti?”

“Ndiyo, dada.”

“Sasa mbona umekaa? Si useme kitu!”

“Umeme hakuna.”

“Na mdomo nao umekatika?”

Walifunga ndoa tarehe 2 Septemba 1978.

Swali lile halikumtoka kichwani. Baada ya miaka ya kujaribu na kuunguza meza ya chakula, alitengeneza ubao wa vibati vidogo, upande mmoja vyeusi, upande mwingine vya njano. Betri ndogo, zilizochajiwa kwa jua, zilitumika tu kuvigeuza vipange herufi. Vikishageuka, maneno yalibaki yanasomeka bila umeme wowote. Kasoro ilikuwa moja: ubao haukuwaka, hivyo abiria waliupita wakidhani umekufa. Akaongeza mstari wa juu kabisa: “Sijazimika. Nisomeni.”

Yalisemwa maneno kwamba betri zile ziliibwa. Hazikuibwa. Zilitoka kwenye vyuma chakavu vya karakana, kwa ruhusa ya msimamizi, ambaye leo ameketi safu ya mbele na anaweza kuulizwa.

Mwaka 2011 mkuu mpya wa stesheni aliutazama ubao akacheka. “Mzee, hiki kitu hakiwaki, hakiimbi. Jumatatu kiondoke, tuweke skrini.”

Jumamosi dhoruba iliangusha nguzo za umeme. Jenereta ilikohoa, ikazima. Ukumbi ulijaa watu wanaosukumana, watoto wakilia. Ndipo vibati, marehemu akiviendesha kutoka chumba chake cha ufundi, vikaanza kulia ta-ta-ta-ta, na vichwa vyote vikainuka: “Daraja limefungwa. Mabasi yako lango la kaskazini.” Mkuu mwenyewe alipanda juu ya benchi akawasomea waliokuwa mbali. Watu wakatoka kwa utaratibu, hata mtoto mmoja hakupotea.

Jumatatu mkuu alikuja na ngazi. “Unakuja kuung’oa?” marehemu akauliza.

“Nakuja kupima pa kuweka wa pili, Mzee wangu.”

Alipostaafu mwaka 2014, kila stesheni ya njia ile ilikuwa na ubao wake.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2022. Tarehe 17 Mei mwaka huu, akiwa wodini, umeme wa mji ulikatika. Alimwomba binti yake apige simu stesheni.

“Ubao unasema?” akauliza.

“Unasema, Baba. Na watu wanapanda treni.”

Alitabasamu, akamshika mkono mkewe. Alifariki alasiri hiyo.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu watano, na kaka yake fundi viatu.

Pumzika kwa amani, Fundi Kimya. Hujazimika. Tumekusoma.