Kamba Kutoka Dirisha la Jikoni

Pale kwenye kona, kati ya kibanda cha fundi baiskeli na ukuta wa ghala, pana benchi la ubao mmoja mrefu ulioegeshwa juu ya matofali. Ubao huo una alama nne za rangi nyeupe, zilizochorwa mwaka ule wa ugonjwa ili watu wakae mbalimbali. Ugonjwa ulishaondoka, amri nayo ikaondoka, lakini wenyeji wa benchi bado kila mmoja ana alama yake, na ukiikalia utaambiwa usogee. Ya kwanza ni ya Spoku, fundi baiskeli mwenyewe. Ya pili ni ya Meja, mlinzi wa ghala, ambaye hajawahi kuwa meja wa kitu chochote. Ya tatu ni ya Daktari, aliyefagia duka la dawa miaka sita akatoka na majina yote ya vidonge kichwani. Ya nne ni ya mgeni yeyote. Mama Kahawa hana alama. Ana kigoda chake, jiko lake na birika lake, na neno la mwisho ni lake kwa sababu kahawa ni yake.

Asubuhi hiyo Spoku alikuwa ananyoosha rimu, na alikuwa anainyoosha vibaya. Akikaza huku, inapinda kule.

— Hiyo rimu imekutukana nini? aliuliza Meja.

— Niache.

— Nikuache vipi na kelele zote hizo? Sema, bwana. Umegombana na shemeji?

Spoku akaweka chini kifunguo chake cha kukazia spoki.

— Afande anaacha skauti.

Benchi zima likamgeukia. Afande ni binti yake wa miaka kumi na mitatu, na hapo kijiweni hakuna asiyemjua. Jina hilo alipewa nyumbani mwaka ule wa ugonjwa, shule zilipofungwa na mikutano ya skauti ikakatazwa. Mwalimu wa skauti hakukubali kushindwa. Kila Jumamosi alituma kazi kwa simu, na kwa kuwa kikosi kilikuwa mbali, Afande akafanya familia yake ndiyo kikosi. Alisimamisha hema sebuleni. Bibi yake, mzaa mama, alikuwa hapiti kwenda chumbani bila kutaja neno la siri, na neno lenyewe lilibadilishwa kila asubuhi. Siku ya matembezi marefu, Afande na baba yake waliizunguka nyumba mara mia tatu na kumi, na vikoba mgongoni, mpaka jirani akachungulia juu ya ua na kuuliza kama kuna mtu amefiwa.

— Anaacha? alisema Mama Kahawa. Mtoto aliyenifundisha mimi kufunga bandeji hapa hapa?

— Jana jioni anakunja skafu yake, ananiambia, "Baba, mimi skauti basi." Namuuliza kwa nini, anasema tumbo linamuuma.

— Na Jumamosi si ndiyo kambi yao?

— Ndiyo kambi. Ya kwanza tangu ugonjwa uishe. Wazazi wote wamealikwa. Na mwalimu amempanga yeye awafundishe wadogo ile kamba yake.

Hapo wote wakaitikia kwa vichwa, maana kamba hiyo nayo ilikuwa na sifa zake. Mke wa Spoku ni dobi wa hospitali. Mwaka ule, kwa miezi mitano, alikuwa akitoka kazini anaingia moja kwa moja kwenye chumba cha uani, asije akawaletea wa nyumbani ugonjwa. Anaongea na mwanawe kupitia dirishani, uwanja mzima katikati yao. Ndipo ikaja kazi ya skauti: jenga kitu kwa kamba, kimfae mtu wa nyumbani kwako. Ikajengwa kamba kutoka dirisha la jikoni mpaka dirisha la mama, na kapi la baiskeli, kigurudumu cha kupitishia kamba, kila upande, na kikapu kinachokwenda na chakula kikirudi na vyombo. Spoku alipiga picha ya video akamtumia mwalimu, mwalimu akawatumia wazazi wote. Katika kikosi kizima, beji ya ujenzi ilikwenda kwa Afande peke yake.

— Mimi najua kinachomsumbua, alisema Daktari, akisogeza kikombe. Barakoa.

— Barakoa imefanyaje tena?

— Mtoto amevuta pumzi yake mwenyewe mwaka mzima. Pumzi ile ile inatoka, inaingia. Sasa damu imezoea. Ukimpeleka kambini kwenye hewa mpya, mwili unakataa. Tumbo ndilo linaloanza.

— Mbona wewe uliivaa kidevuni mwaka mzima na tumbo lako halina adabu?

— Meja, mimi naongea utaalamu.

— Utaalamu wa ufagio. Sikiliza, Spoku, nikwambie kitu cha ndani. Meja akashusha sauti, ingawa njia ilikuwa tupu. Hawa skauti wanahesabiwa. Kwa nini wanafundishwa kupiga kwata? Kwa nini mahema? Siku ikifika, inapulizwa filimbi moja tu, wote wanapandishwa gari. Mtoto ana akili, ameshanusa.

— Wapandishwe gari waende wapi, na vikaptura?

— Hapo ndipo siri ilipo.

Mama Kahawa akacheka mpaka akaweka birika chini.

— Nyie wanaume mnapenda kuzunguka. Yule mtoto alikuwa mkubwa wa nyumba mwaka mzima. Baba anapiga saluti, bibi anaomba ruhusa ya kwenda kulala. Leo arudi akapange mstari na wenzake, aambiwe geuka kulia? Hata mimi tumbo lingeuma.

Spoku alishika tena kifunguo. Kulikuwa na kitu hajawahi kuwaambia wale watu, yeye anayejisifu kila siku kwamba ni mtu wa maneno yaliyonyooka, akikuambia gurudumu limekufa basi limekufa. Ile kamba hakuifunga Afande. Afande alifunga ya kwanza, akahangaika nayo tangu asubuhi, ulimi nje, karatasi ya michoro imebanwa na jiwe. Jioni mama akarudi. Alikuwa hajala tangu alfajiri na amesimama dirishani kama mtu aliyewekwa rumande. Kikapu kikatoka, kikafika katikati, kamba ikalegea, chupa ya chai ikapasuka uwanjani na mkate ukalowa matopeni. Mke wake alicheka kidogo akasema si neno, atakunywa maji. Ndicho kilichompandisha Spoku hasira. Aliingia ndani, akatoka na kisu, akaikata kamba ya mtoto vipande vipande na kufunga ya kwake kwa dakika kumi, akaibana na mpira wa tyubu. Kikapu kikaenda. Mke akala. Kisha Spoku akamsimamisha binti kando ya kapi, akapiga picha, na sauti inayosikika kwenye picha hiyo, ikisema "kazi ya mikono yake mwenyewe," ni ya Spoku.

Baba na binti hawakuwahi kulizungumza jambo hilo. Beji ilipokuja, Afande alisema asante.

— Mimi nimelifikiria vizuri, alisema Daktari. Si barakoa. Ni beji.

— Beji tena!

— Ina kitu ndani. Uzi ule si uzi. Mwalimu akikaa kwake anaona kila mwenye beji yuko wapi, amelala saa ngapi, amepiga mswaki au hakupiga. Kwa nini alipewa mmoja tu? Walikuwa wanaijaribu!

— Hapo sasa umesema, alisema Meja, akasahau kwamba walikuwa wanabishana. Ndiyo maana mimi nilikataa kitambulisho kipya cha ghala.

— Ulikataa kwa sababu picha ilikutoa vibaya, alisema Mama Kahawa.

— Au ni ile kamba yenyewe, Daktari akaendelea, maana akishashika njia hasimami. Kamba imetoka chumba cha mtu wa hospitali, miezi mitano, inakwenda inarudi. Imebeba mambo. Mtoto akiishika tu...

— Daktari! Spoku alisimama, gurudumu likaanguka. Mke wangu hakuwahi kuumwa hata mafua. Alikuwa anafua mashuka ya watu ambao wewe ulikuwa unawakimbia njiani. Rudia neno hilo nikupe hiki kifunguo ukimeze.

— Basi, basi. Samahani, ndugu yangu. Nilikuwa natafuta sababu tu.

— Tafuta kwingine.

Wakati huo huo akaja mama mmoja wa makamo anasukuma baiskeli. Nyuma alikuwa amefunga viti viwili vidogo vya mbao, na viti vimelalia upande mmoja kama walevi. Aliwasalimu wote, akasema gurudumu la nyuma lina pancha. Spoku akaipindua baiskeli, yule mama akaketi kwenye alama ya nne, na kabla hajapewa kikombe alikuwa ameshasimuliwa yote: hema, neno la siri, kamba, beji, tumbo. Meja alisimulia, Daktari alisahihisha.

— Kumbe, alisema yule mama. Na hiyo kamba aliifunga vipi, mpaka ikashika miezi mitano? Maana mimi hapa viti viwili vimenishinda njia nzima.

Meja akamtazama Daktari. Daktari akamtazama Mama Kahawa.

— Ah, hiyo rahisi, alisema Spoku, na macho yake yako kwenye pancha. Unazungusha mara tatu, si mbili. Mkia unaupitisha chini ya mzunguko wa kwanza, unavuta ukielekea kwako, kisha unaukaza na kipande cha tyubu usirudi nyuma. Mtu mwingine angefunga kawaida, lakini mimi niliona uzito utakuwa...

Mikono yake ilikuwa bado hewani, imeshika kamba ambayo haipo.

— Wewe uliona? aliuliza Mama Kahawa taratibu.

Spoku akashusha mikono.

— Nilifunga mimi, alisema Spoku.

— Yote?

— Yote. Yeye alivuta tu. Nikamwambia mwalimu ni ya mtoto. Na Jumamosi mtoto anatakiwa asimame mbele ya watu wote afundishe fundo ambalo halijui, na hawezi kusema halijui bila kusema baba yake mwongo. Mnaona sasa? Mmemaliza? Hakuna uzi, hakuna filimbi, hakuna hewa mpya. Ni mimi.

Meja alikohoa.

— Lakini, bwana, ulimsaidia tu. Mzazi gani hakusaidia mwaka ule? Mimi wa kwangu nilimfanyia hesabu zote.

— Ndiyo maana amerudia darasa, alisema Daktari, na safari hii hakuna aliyecheka sana.

Spoku akafuta mkono mmoja kwenye suruali, akatoa simu. Akaibonyeza, akaisogeza mdomoni, akasema kwa sauti yake ile ile ya kugombana na wateja:

— Mwalimu, shikamoo. Ni baba yake Afande. Ile kamba ya mwaka wa ugonjwa nilifunga mimi. Yeye alifunga ya kwake, mimi nikaikata. Picha nilipiga mimi na maneno ni yangu. Usimuulize mtoto, niulize mimi. Jumamosi nitakuja, na ukitaka nitasema mbele ya wazazi. Ni hayo.

Akatuma. Akaiweka simu mfukoni, akapaka tyubu gundi na kubandika kiraka.

— Umefanya jambo, alisema Mama Kahawa. Lete kikombe.

Yule mama wa viti alikuwa anamtazama Spoku kama mtu ambaye hesabu yake haijakamilika.

— Samahani, fundi, mimi mgeni. Hiyo ya mtoto uliyoikata, ilikuwa na kosa gani?

— Ililegea.

— Nimesikia. Ililegea kwa nini? Fundo lilikuwa bovu? Au fundo zuri, kamba ndiyo ililowa? Au kapi lilikaa vibaya?

Spoku akafungua mdomo. Yeye ni mtu ambaye akiletewa cheni iliyokatika hukaa nayo nusu saa anatafuta pingili iliyoanza kuchoka, na mteja akimwambia fungia nyingine tu, anamtukana. Akajaribu kuikumbuka ile kamba. Alikumbuka kisu. Alikumbuka chupa. Fundo la mtoto wake hakulikumbuka, kwa sababu hakuwahi kulitazama.

— Daktari? alisema Meja, kwa mazoea.

Daktari, kwa mara ya kwanza tangu aache ufagio, akatikisa kichwa.

— Sijui, alisema Spoku.

Akainuka. Kiraka kilikuwa kimeshashika, akairudisha tyubu ndani ya tairi, akajaza upepo, akaijaribu kwa kidole gumba. Kisha akafungua viti vya yule mama, akavipanga upya na kuvikaza, mara tatu, mkia chini. Akamwambia aende salama. Kibanda akamwachia Meja, akashika njia ya nyumbani saa nne asubuhi, saa ambayo hajawahi kuonekana nyumbani tangu mwaka ule.

Afande alikuwa likizoni, ameketi kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, anachambua mchele kwenye sinia. Alimwona baba yake akashtuka.

— Unaumwa?

— Nimemwambia mwalimu. Kwamba nilifunga mimi.

Mikono ya binti ikasimama juu ya mchele. Alimtazama, kisha akatazama uwanja.

— Umemwambia hivyo hivyo?

— Hivyo hivyo. Spoku alisimama mbele yake, hajui aweke wapi mikono. Lile fundo lako la kwanza, mwanangu. Ulilifunga vipi?

— Lile ulilolikata?

— Hilo.

Afande akaweka sinia kando, akajisogeza upande mmoja wa ngazi.

— Kaa kwanza, baba. Ukisimama hapo unanizibia mwanga.