Mtofaa wa Ingrid

Kwenye basi la Tacoma, mbele yangu, mzee Halvor alikuwa amepakata tawi la mtofaa, jeusi kama limebabuliwa na moto. Jirani yake kitini, Darlene, aliyefunzwa kutibu mimea ya watu kwa kujitolea, alilikwangua gome kwa ukucha.

"Ugonjwa umefika kwenye shina?"

"Umefika."

"Basi ukate mti wote, mzee wangu. Utaambukiza miti ya majirani."

"Aliupanda mke wangu, Ingrid. Tumemzika majuzi tu."

"Pole sana. Lakini hauponi tena kwa dawa."

"Hata kuhusu yeye madaktari waliniambia hivyohivyo. Sikati, mama!"

Sisi abiria tukajifanya tunatazama mvua.

Halvor alipoinuka kushuka kituo cha kwake, Darlene naye akainuka.

"Msumeno sina," alimwambia. "Nataka tu kuuona huo mti."