Dkt. Rosebella Nasipwondi Mabonga (1974–2025): Mwalimu Aliyeambiwa Hafai Kufundisha

Wasifu huu unasomwa na mpwa wake, Tony Mabonga, kwa niaba ya familia.

Marehemu Dkt. Rosebella Nasipwondi alizaliwa tarehe 14 Juni 1974 hapa Mombasa, mtoto wa pili wa Mzee Eliud Mabonga, karani wa reli aliyetoka Bungoma, na Mama Selina. Alilelewa Buxton, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo haikukosa wageni wa kutoka bara. Wanaouliza kwa nini hatukumsafirisha Bungoma wajue kwamba aliamua mwenyewe. Alisema, "Nizikeni nilikozaliwa. Nauli mpeni aliye hai."

Alisoma shule ya msingi Tononoka. Akiwa darasa la tatu alishikwa na homa, viungo vikavimba, akakosa masomo muhula mzima. Nyumbani walidhani ni maumivu ya kukua. Kumbe ilikuwa ile homa inayoharibu moyo wa mtoto kimyakimya. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1992, akaenda Nairobi kusomea udaktari na kuhitimu mwaka 2000. Alirudi Mombasa mwaka huohuo, akafanya kazi katika wodi za umma hadi mwisho wa maisha yake.

Huko wodini ndiko alikokutana na Bwana Boniface Mutunga wa bandarini, aliyeletwa na kidole kilichobanwa na mlango wa kontena. Alipokwisha kushonwa, Mutunga aliuliza kama arudi kesho.

"Nyuzi zinatolewa baada ya wiki," marehemu akamwambia.

"Hilo nimelisikia, Daktari. Nauliza kama nirudi kesho."

Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 2001 na wakajaliwa watoto wawili, Purity na Kyalo.

Marehemu alitaka kubobea katika magonjwa ya nchi za joto, kwa sababu ndiyo yaliyojaza wodi yake. Wakati huo kozi aliyoitaka ilifundishwa Ulaya, mahali ambapo magonjwa hayo hayapo. Alikubaliwa na chuo kimoja huko mwaka 2006, na tena mwaka 2008. Mara zote mbili alinyimwa viza. Aliambiwa hakuonyesha sababu ya kutosha ya kurudi nyumbani. Huyu ni mwanamke ambaye hakuwahi kutaka hata kuhamia Nyali, ng'ambo ya daraja tu.

Mwaka 2011 chuo hichohicho kilianza kuwaleta madaktari wake Mombasa kwa mafunzo ya vitendo, kikamwomba awe mwalimu wao. Wengi wetu tulimwambia akatae. Alijibu, "Wagonjwa ni wetu. Wageni wakija bila mwenyeji, watawapapasa kama samaki wa sokoni."

Basi akawafundisha, kila mwaka. Aliwapeleka hata majumbani. Mama Mehrunnisa Jusab wa Mji wa Kale, mwenye duka la leso Biashara Street, alikuwa na matende, na alikubali mguu wake utumike kufundishia. Siku moja daktari mgeni aliingia na kuinamia mguu moja kwa moja, kamera mkononi. Mama Mehrunnisa akaufunika.

"Daktari, huyu mwanafunzi wako ana mamake?"

"Anaye, Mama."

"Mbona aingia kwangu kama mdai kodi? Atoke, apige hodi, aniulize nimeamkaje."

Mgeni akatoka, akapiga hodi, akauliza hali ya mama, ya watoto na ya duka. Marehemu alimsimamia hadi mwisho. Kisha Mama akafunua mguu. "Haya, tazama. Na ujue mguu huu una mwenyewe."

Daktari huyo alirudi kwao akapewa stashahada ya uzamili. Marehemu alipewa barua ya shukrani.

Kwa miaka sita marehemu alipigania kozi kama ile ianzishwe hapa kisiwani, ili daktari wa Pwani asiombe viza ya kwenda kusomea maradhi ya jirani yake. Aliandika mtaala wake kwa mkono wake, akisaidiwa na Dkt. Kashif, mwana wa Mama Mehrunnisa. Tarehe 17 Oktoba 2024 kamati ya chuo cha hapa nyumbani iliipitisha kozi, kwa sharti kwamba kila mwalimu awe na shahada au stashahada ya uzamili katika fani hiyohiyo. Marehemu hakuwa nayo.

"Ni utaratibu tu, Daktari," mwenyekiti akamwambia. "Wewe utapanga ziara za wodini."

"Na nani atafundisha?"

Likasomwa jina la yule mgeni wa kamera.

Dkt. Kashif akasimama. "Mwenyekiti, huyo alifundishwa kumgusa mgonjwa na huyu unayemtoa."

"Lakini cheti anacho."

Marehemu alirudi nyumbani akamwambia mumewe, "Nimeanguka mtihani nilioutunga mimi." Kesho yake alikwenda wodini kama kawaida.

Tangu mwaka 2022 alijua kwamba valvu ya moyo wake, iliyoharibiwa na ile homa ya utotoni, ilihitaji upasuaji. Aliahirisha mpaka kozi ipite, na ilipopita mwili ulikuwa umechoka. Alianguka kwenye ngazi za wodi mwezi Februari, akafariki Jumapili tarehe 9 Machi 2025. Hatusemi kikao kile ndicho kilichomuua. Marehemu angetukemea kwa kutamka jambo lisilothibitishwa. Tunasema lililothibitishwa: alikuwa hai, alikuwa tayari, na akaambiwa hafai.

Jumatano iliyopita wajumbe wa kamati, ambao tunawaona hapa na shada lao, walifika nyumbani kuomba ukumbi wa kozi upewe jina lake. Mzee Mutunga aliwasikiliza, akawapa chai, akasema, "Mke wangu hakuomba ukuta. Aliomba darasa."

Familia inasimama na jibu hilo. Jina lake halitapakwa kwenye ukumbi huo maadamu sharti lile lipo, kwa sababu Dkt. Kashif na wengine waliofundishwa naye wodini nao hawana cheti, na zamu yao ya kuambiwa hawafai inakuja. Liondoeni sharti hilo. Shada tumelipokea.

Marehemu ameacha mume, Boniface Mutunga. Watoto, Purity na Kyalo. Mama yake, Mama Selina. Ndugu watatu, wapwa, na madaktari waliotawanyika duniani ambao wanajua kubisha hodi.

Mungu ampe pumziko ambalo sisi tulimnyima.