Historia ya Kasereka Ephraïm, Isomwayo Huku Kengele Ikigongwa

Mchungaji, wazee wetu, majirani wa hapa Kabalagala na wa kule Katwe tulikotoka, wafanyakazi wenzake wa Nakasero, nanyi nyote mlioacha shughuli zenu Alhamisi hii ya tarehe 16 Juni 2022, familia inawasomea maisha ya mpendwa wetu Kasereka Ephraïm, na kabla ya yote inawaomba radhi kwa ajili ya kengele. Marehemu aliacha agizo, kwa maandishi, akiwa kitandani hospitalini, kwamba historia yake ikisomwa, mfanyakazi mwenzake Adero akae karibu akiwa na kengele ya mkono, aigonge mara mbili popote apendapo bila kumwonya msomaji, na msomaji asirudi mwanzo wala asiruke, bali aendelee kutoka pale pale alipokatizwa. Dada yake mkubwa Mbambu, ambaye ndiye anayewasomea, alikataa katakata, akasema mtu akishakufa angalau aache kuwasumbua watu, lakini mjane alilia, na kengele hiyo hapo mnaiona.

Marehemu alizaliwa Jumamosi tarehe 11 Aprili 1970 mjini Butembo, mashariki ya Kongo, na kama jina lake linavyosema kwa sisi Wanande, alikuwa mtoto wa tatu wa kiume, jambo tunaloomba mlishike, maana kwetu kila nyumba yenye wavulana watatu ina Kasereka wake, na ukiita jina hilo sokoni Butembo watageuka watu hamsini.

Alisoma shule ya msingi na ya sekondari huko huko Butembo, akahitimu mwaka 1989, akawa mwalimu wa hisabati, na wanafunzi wake walimwogopa si kwa fimbo bali kwa maswali, kwa sababu alikuwa na tabia ya kumwacha mtoto aanze kukokotoa hesabu ndefu ubaoni, halafu katikati ya hesabu

Haya, kengele ya kwanza hiyo, asante Adero, hata mwaka 1990 hatujaufikia, tulikuwa kwenye maneno katikati ya hesabu, tunaendelea,

anamuuliza habari za shamba la baba yake, kisha anamwambia amalize pale alipoachia.

Mwaka 1997, vita vilipozidi kwetu, marehemu na dada yake Mbambu walivuka mpaka wakaja Kampala, wakapanga chumba kimoja Katwe, nyuma ya mafundi wa mageti, kelele za nyundo tangu alfajiri, na mama yao akabaki Butembo kwa kuwa hakutaka kuacha nyumba yake. Wakati ule simu ilikuwa kitu cha wenye nazo, barua zetu zililetwa na wafanyabiashara, na hasa na ndugu yetu Heritier, aliyepo hapa leo, ambaye alikuwa akija na mzigo wake wa maharagwe na mfuko wa barua, anaandika orodha ya majina, orodha inasomwa kanisani Jumapili baada ya ibada, aliyesikia jina lake anakwenda kuchukua barua kwa Heritier kabla hajaondoka Jumatatu, na barua isiyochukuliwa inarudi ilikotoka. Msomaji wa matangazo kanisani alikuwa Mbambu. Mwezi wa Agosti 1998 mama alimwandikia marehemu kwamba anaumwa na anataka kuwaona wote wawili, barua hiyo haikuwafikia, mama akafariki tarehe 2 Septemba, na wao wakapata habari mwezi wa Novemba, kaburi limeshaota majani. Mbambu aliamini kwamba Heritier aliitupa barua njiani, akamwambia hivyo mbele ya kanisa zima, na tangu siku ile hajawahi kumpa mkono.

Marehemu alijifunza kompyuta kuanzia mwaka 1999, masomo ya jioni, na mwezi Machi 2002 akaajiriwa na kampuni ndogo ya programu pale Nakasero, iliyotengeneza programu za kuwekea orodha za wagonjwa wa zahanati, akadumu humo miaka ishirini. Kazi yake, kama alivyotuchosha kuieleza kila Krismasi, ilikuwa hii: programu ikiwa inasoma faili, mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayoziamuru nyingine zote, unaweza kuipelekea ishara katikati ya kusoma, sawa na mtu anayekugonga begani unaposoma, na programu iliyoandikwa ovyo ikishtuliwa hivyo hudhani faili limekwisha, au huanza upya, au hurukia mbele, na mbaya zaidi haisemi kitu, inaendelea na uso mkavu kana kwamba imesoma yote. Basi marehemu aliandika jaribio, akaipa programu nusu ya faili, akaigonga kwa ishara, akaipa nusu iliyobaki, akahesabu mstari kwa mstari kama yote yametoka, mara elfu, mara elfu kumi, na jaribio likifeli hata mara moja alikataa programu isipelekwe kwa mteja, bosi apige meza asipige, yeye anajibu kwa upole kwamba mstari mmoja uliorukwa ni mgonjwa mmoja ambaye hakuitwa.

Jamani, kazini wanalipwa kuvumilia hayo, sisi nyumbani tulifanya kosa gani? Mbambu alikuwa akishika gazeti anaulizwa chumvi iko wapi, akijibu anaulizwa alikuwa amefikia neno gani, akisoma matangazo kanisani kuna mtu anakohoa safu ya tatu, na si kikohozi cha mafua, kila mtu anamjua ni nani, na baada ya ibada anafuatwa hadi getini kuambiwa kwamba asishike jina alilofikia, ashike hesabu ya mistari aliyokwisha kusoma. Miaka nenda miaka rudi, maneno yale yale. Siku moja Mbambu alimwambia mbele ya wazee kwamba yeye si kompyuta, ni dada yake, na alimbeba mgongoni, marehemu akacheka tu, Jumapili iliyofuata akakohoa.

Tarehe 13 Desemba 2003 marehemu alifunga ndoa na Huguette, mbele yetu hapa, na umeme ulipokatika mchungaji akiwa katikati ya kiapo, akataka kukirudia tangu mwanzo, bwana harusi aliinua mkono na kusema kwamba wameshafika kwenye shida na raha

Samahani, tumeletewa tangazo, pikapu nyeupe imeziba geti, gari la jeneza halitapita, mwenye nayo aiondoe. Tulikuwa kwenye shida na raha,

na hakuna haja ya kumchosha Mungu kwa kurudia. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Darlène, aliyezaliwa tarehe 30 Januari 2005, ambaye hadi leo ukimkatiza anaposema atakusubiri umalize, halafu ataanzia kwenye silabi ile ile, anatutia wazimu vile vile.

Mwezi Februari 2020 marehemu aligundulika kuwa figo zake zimechoka, akaanza kwenda hospitali kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, miaka miwili na zaidi, bila kulalamika ila juu ya wauguzi waliohesabu vidonge huku wakipiga soga, na Jumanne tarehe 14 Juni 2022, saa nne asubuhi, alipumua mara ya mwisho, mkono wake ukiwa katika mkono wa Huguette.

Sasa familia ina neno ambalo halimo katika historia za kawaida, na Mbambu ameomba aliseme kwa kinywa chake mwenyewe. Jana Adero alikuja matangani na karatasi aliyoichapa ofisini, ni lile faili ambalo marehemu alitumia kwa majaribio miaka yote ishirini, akauliza kwa adabu watu hao ni akina nani, kwa sababu ofisini hawajapata kuwajua: mistari thelathini na moja ya majina, akina Kasereka kumi na mmoja, na ishara ya kwanza daima inapigwa baada ya mstari wa kumi na sita. Mbambu aliitazama akakaa chini. Ni orodha ya barua ya Jumapili tarehe 16 Agosti 1998. Siku ile mzee mmoja alimgonga begani katikati ya kusoma, kuna gari limeziba geti, akatangaza, akarudi kwenye orodha akiwa ameshika jina Kasereka, na macho yake yakatua kwa Kasereka mwingine wa mstari wa chini, akadhani ndiye aliyekwisha kumsoma. Mstari mmoja aliuruka. Heritier hakutupa barua, alirudi nayo kwa sababu hakuna aliyekwenda kuidai.

Juu ya faili hilo marehemu aliandika tarehe ile, na chini yake maneno haya: Msomaji hana kosa, alikatizwa, tutafute namna ya kusoma.

Alijua! Orodha ilibaki imebandikwa ukutani mwa kanisa, akaikuta baada ya habari za msiba, akainakili, akajua, na karibu miaka ishirini na minne akakaa kimya, akamwacha dada yake amnunie mtu asiye na hatia, anamkoholea kanisani badala ya kumwambia, huo ni upendo gani wa kuchosha hivi, Ephraïm, na Mbambu angekugombeza leo hadi jioni kama ungekuwa na masikio. Heritier, ndugu yetu, Mbambu anakuomba msamaha mbele ya watu, kwa kuwa alikutukana mbele ya watu, na akitoka hapa anakuja kukupa mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, wale wa vidonge pia, inawashukuru majirani waliotupikia na wenye baa ya ng'ambo waliozima muziki siku mbili bila kuombwa, inawashukuru wafanyakazi wenzake walioyapokea majaribio yake huku wakisaga meno, na inamshukuru Adero ambaye bado ana kengele moja.

Na kwa kuwa kuna usomaji mmoja ambao haukumalizika, Mbambu anaumalizia hapa. Orodha ya barua, Jumapili tarehe 16 Agosti 1998. Mstari wa kumi na nne, Kavira Estha, Katwe, barua mbili. Mstari wa kumi na tano, Mbusa Elie, Katwe, barua moja. Mstari wa kumi na sita, Kasereka Jonas, Katwe, barua moja.

Kengele. Tumesikia, Adero. Tumesoma mistari kumi na sita.

Mstari wa kumi na saba, Kasereka Ephraïm, Katwe, barua moja, kutoka kwa mama yake.

Jina lako limesomwa, mdogo wangu. Pumzika kwa amani.