Dada Mapovu na Waya Uliomdanganya

Ndugu, majirani na nyote mliofika kutushika mkono, familia imenipa kazi ya kusoma maisha ya dada yetu, na kwa kuwa mimi mdogo wake ni fundi cherehani nisiyezoea kusimama mbele za watu, na mwili umechoka kwa miezi ya kuuguza, mtaniwia radhi nikisoma polepole.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza kati ya wanne, katika nyumba ya vyumba viwili iliyoshikana na banda ambamo baba alikuwa akichaji betri za magari, na ni bandani humo alimopata jina la Mapovu, kwa kuwa alishinda amekaa juu ya tairi kuukuu, kidevu mkononi, akitazama maji ya betri yakitoa mapovu, huku baba akimfukuza kila mwenye sigara, akisema hewa ile ikipata moto itatuondoa sisi pamoja na paa. Mama alisema mtoto huyu ataolewa na betri, na shemeji amekiri mara nyingi kwamba mama hakukosea sana.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, kisha sekondari ya bweni hadi 1980, ambako nusura afukuzwe kwa kuchukua betri za redio ya matroni na kutumbukiza nyaya zake katika ndoo ya maji ya chumvi, bweni zima likanuka kama dawa ya kufulia, halafu akaingia chuo kikuu, akasoma kemia, na mwaka 1991 akapata udaktari, ule usiotibu mtu, kama shangazi alivyopenda kutukumbusha.

Mwaka 1992 aliajiriwa katika taasisi ya utafiti, katika maabara ya chini yenye dirisha lisilofungika, na huko ndiko alikomalizia nguvu zake. Alinieleza kazi yake mara nyingi nikiwa napiga pasi, nami nawaeleza nilivyoelewa, kwamba ukipitisha umeme kwenye maji yanagawanyika, yanatoa haidrojeni ambayo inawaka bila moshi, lakini maji ni mabishi, yanahitaji metali ya kuyahimiza, iitwayo kichocheo, na iliyo bora ni platinamu, ambayo watu wa kawaida hawaigusi, kwa hiyo yeye alitafuta kichocheo cha nikeli, kitu cha bei ya sufuria, ili siku moja hata fundi kama baba aweze kuwa na mtambo wake.

Alifunga ndoa mwaka 1989 na mwalimu wa jiografia, shemeji yetu huyu aliyekaa hapa mbele, wakajaliwa binti mwaka 1990 na mtoto wa kiume mwaka 1994, ambao wamekua wakijua kwamba mama akichelewa kurudi si kwamba amepotea.

Mwaka 2009 bamba lake la nikeli lilianza kutoa haidrojeni karibu sawa na platinamu, na kila siku likazidi kuwa zuri, magazeti yakaandika, kiwanda kikaomba kutia saini mkataba, mkurugenzi wa taasisi akaja kwangu kushona suti ya sherehe. Dada peke yake hakufurahi, alisema hajaona kitu kinachozidi kuwa kizuri kwa kuzeeka, akalipima bamba upya, na juu yake akakuta platinamu. Katika chombo chake, kama ilivyokuwa mazoea ya wenzake wote, upande wa pili wa umeme ulikuwa na waya wa platinamu, na waya ule ulikuwa ukiliwa kidogo kidogo na tindikali iliyotiwa katika maji ili yapitishe umeme, chembe zake zikivuka majini na kujibandika kwenye nikeli, kwa hiyo alichokuwa akikisifu ni kile kile alichotaka kukikwepa. Mkurugenzi alimwomba anyamaze mpaka sherehe ipite, dada akakataa, akayafuta matokeo yake hadharani kwa jina lake mwenyewe, na suti ile haijachukuliwa hadi leo.

Tuliumia sana. Cheo kilikwenda kwa mwingine, wanafunzi wakahamia kwa wengine, na shemeji anasema alimkuta jikoni akilia huku wali unaungua. Kisha akaubadilisha waya kwa fimbo ya kaboni, akaanza upya, na kwa miaka mingi hakupata kitu cha kumwambia mtu. Alistaafu mwaka 2021, wakamwachia kona katika maabara ile ile, na mwezi Mei mwaka 2023 bamba jipya likaanza kufanya kazi, likiwa dhaifu kuliko platinamu, ila halichoki, na ili liaminike lilipaswa kuendelea bila kuzimwa mpaka mwisho wa mwaka.

Wakati huo mapafu yake yalikuwa yamekakamaa. Alilazwa mwezi Juni, akawekewa oksijeni inayopita kwenye chupa ya maji, akawa anayatazama mapovu yake na kutania kwamba haya hayana utafiti wowote. Kilichomsumbua ni fimbo, aliogopa mtu aliyechoka angeivunja na badala yake kuweka waya wa platinamu uliokuwa karibu, na tarehe 9 Agosti akanituma mimi, nisiyejua lolote, nikaangalie kwa macho yangu. Nilikwenda, nikaangalia, na niliporudi wodini dada alikuwa ameshaondoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, ambao hawakutudanganya, na majirani, waliotupikia bila kuuliza. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake, waliotuuliza kama wauzime mtambo kwa heshima ya msiba, tukawaambia wauache, na mmoja wao hayupo hapa sasa hivi kwa sababu anaulinda.

Dada, ulinituma na sikuwahi kukupa jibu. Fimbo ni nyeusi, nene kama penseli, haijavunjika, na mapovu yanatoka. Ni kaboni, dada. Pumzika sasa, kwa amani.